Wakili wa Festo

Josepha binti Raymundi alizaliwa Kipalapala, upande wa nyuma wa seminari, na karibu maisha yake yote aliamka akilitazama shamba lile lile. Aliliacha mara moja tu, alipoolewa Ulyankulu na mkulima wa tumbaku. Ndoa ile haikukaa. Alirudi kwa baba yake na mtoto mgongoni na sanduku kichwani, akasimama uani asijue aanze na neno gani. Mzee Raymundi alikuwa anabangua karanga. Alimtazama bintiye, akamsogezea kigoda, akasema, "Kaa. Zimebaki nyingi." Hakumuuliza kilichotokea, si siku hiyo wala baadaye.

Tangu hapo shamba likawa mikononi mwake. Alilima muhogo, karanga na viazi vitamu. Viazi alivichemsha, akavikata vipande, akavianika juu ya mwamba mpaka vikawa matobolwa, kisha akavipeleka sokoni mjini. Mtoto aliyembeba mgongoni, Festo, alikua akawa kijana mkimya mwenye mikono mikubwa, fundi wa kufyatua tofali, ambaye aliweza kukaa siku nzima bila kutamka zaidi ya salamu. Mama yake alikuwa kinyume chake. Josepha alikuwa mwanamke wa maneno. Kwenye jumuiya ndiye aliyeongoza rozari, na sokoni wakigombana watu wawili kuhusu meza, mtu alitumwa kumwita. Alikuja, akasikiliza, akasema lake, na mara nyingi mambo yakaishia hapo.

Mzee Raymundi alipopigwa na kiharusi, Josepha ndiye aliyemlisha, akamwogesha na kumgeuza kitandani kwa miaka. Mzee alikuwa na mtoto mwingine, Benjamini, mkubwa kwa Josepha, wa mama tofauti, mwenye duka lake Kahama. Benjamini alikuja kwenye mazishi. Alilia kweli kweli, akakaa mpaka matanga yalipoanuliwa, akaondoka. Josepha hakuona ubaya wowote. Kaka yake alikuwa na mji wake, naye alikuwa na wa kwake.

Kiangazi kimoja alikuta watu watatu shambani wakipiga vigingi. Mmoja wao alimsalimu kwa heshima zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnatafuta nini humu?"

"Tunapima, mama. Eneo hili limeshauzwa."

Josepha alidhani wamekosea shamba. Aliingia ndani, akampigia simu Benjamini.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Josepha. Habari za huko?"

"Huku kuna watu wanapima shamba la baba. Wanasema limeuzwa."

"Ni kweli. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi, mahakama ilinipa. Nilikuwa nakusudia kukueleza. Mgao wako nitakutumia."

"Mgao wa nini, kaka? Mimi naishi humu."

"Wewe uliolewa, Josepha."

"Na nikaachika. Ulijua."

Simu ilikatika. Labda ilikuwa mtandao. Josepha alipiga tena na tena mpaka jioni, na haikupokelewa.

Majirani walimwambia aende Baraza la Ardhi. Akaenda. Karani alimwandikia malalamiko yake, akapangiwa siku, na siku hiyo ilipofika Josepha alivaa kitenge alichokuwa akivaa Pasaka. Hakuwa na hofu. Aliwaambia wenzake wa jumuiya kwamba atasema ukweli kama ulivyo, na ukweli huo hata mtoto angeuelewa: baba alikufa mikononi mwake, mama yake amezikwa chini ya mwembe wa mpakani, na nyumba ya mtu haiuzwi mwenyewe akiwa ndani.

Aliyelinunua shamba alikuwa mfanyabiashara wa mbao wa mjini. Yeye mwenyewe hakuja. Alikuja wakili wake, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, akiwa na mafaili chini ya kwapa. Kabla Josepha hajaambiwa aeleze kisa chake, wakili alisimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, tunalo pingamizi la awali. Mali inayobishaniwa ni ya marehemu. Mlalamikaji si msimamizi wa mirathi ya marehemu huyo. Kwa hiyo hana haki kisheria ya kufungua shauri hili, na tunaomba liondolewe."

Alizungumza Kiswahili, tena Kiswahili safi, na Josepha alilielewa kila neno moja moja. Marehemu alimjua, mali aliijua, mirathi aliijua. Maneno hayo yalipopangwa pamoja ndipo yaliposhindwa kumwingia. Mwenyekiti alimgeukia. Hakuwa mtu mkali.

"Mama, umelisikia hilo pingamizi. Unasema nini juu yake?"

Neno pingamizi Josepha alilifahamu kutoka kanisani. Lilisomwa kila palipotangazwa ndoa, kwamba mwenye pingamizi amwone paroko, na katika miaka yote hiyo alikuwa amewaona watu wawili tu wakienda na pingamizi, wote wawili wakiwa watu wa fitina. Hakutaka Mwenyekiti amdhanie hivyo.

"Mheshimiwa," alisema kwa sauti ile ya kuongozea rozari, "mimi sina pingamizi lolote. Ninachotaka ni shamba la baba yangu."

"Huna pingamizi?"

"Sina kabisa, Mheshimiwa."

Mwenyekiti aliandika. Wakili wa upande wa pili aliinamisha macho kwenye mafaili yake, na Josepha alidhani ameona haya kwa kushindwa. Mwenyekiti akasoma maneno machache, akamshukuru, akaita shauri linalofuata. Josepha alitoka nje uso umemkunjuka. Aliwakuta akina mama wa jumuiya waliomsindikiza, akawaambia mambo yamekwenda vizuri, amesikilizwa. Karani ndiye aliyemfuata barazani.

"Mama, umeelewa kilichotokea? Shauri lako limeondolewa. Umekubaliana na hoja yao."

"Nimekubaliana na nani? Mimi sijasema kitu bado!"

Karani alimtazama kwa huruma, akatazama mlango wa chumba alichotoka, akasema asubiri nakala.

Mtu wa maneno akawa hana la kusema. Hapo ndipo Josepha alipoanza kupungua, ndivyo walivyosimulia waliomjua. Sokoni walipomwita kuamua ugomvi alisema watafute mwingine.

Mjini kulikuwa na ofisi ya watu wanaosaidia wasio na uwezo mambo ya sheria. Josepha alikwenda. Msaidizi wa kisheria aliyemkuta pale, dada mmoja Mmoraviani aitwaye Recheli, alimsikiliza mpaka mwisho, akasoma nakala ya uamuzi, akafumba macho kidogo. Alimweleza taratibu kwamba alipaswa kwanza kuupinga usimamizi wa mirathi aliopewa kaka yake, na kwamba tangazo lake lilikuwa limebandikwa ubaoni mahakamani na muda wake ukapita.

"Mimi huo ubao ningeuona wapi?" Josepha aliuliza. "Mimi nilikuwa Kipalapala, nimetoka tu kumzika mgonjwa wangu, naye alikuwa bado hajaoza kaburini wakati kaka anakwenda mahakamani."

"Najua, mama. Yapo ya kusema, tena mazito. Tatizo ni wa kuyasema. Mimi nakuandikia na kukuelekeza. Sina ruhusa ya kusimama mle ndani nikakutetea."

"Basi nipe anayeruhusiwa."

"Sheria inasema mtu asiye na uwezo asaidiwe, hata kwenye madai kama haya. Mawakili ndio hawapo. Yupo mmoja anayejitolea, anakuja akipata nafasi. Acha namba yako."

Josepha aliacha namba. Alirudi pale mara nyingi, kila akija sokoni, mpaka mlinzi wa ofisi akawa anamwambia kutoka getini, "Bado, mama." Recheli alimwandikia maombi, maombi yakapelekwa, yakaahirishwa, yakaahirishwa tena. Wakati huo shambani nguzo za uzio zilikuwa zinasimikwa.

Mfanyabiashara aliweka mlinzi. Aliitwa Ngollo, Msukuma wa Igunga, mtu mzima mwenye miguu mirefu iliyokauka. Ng'ombe wake walikufa kwa ukame, akaja Tabora kutafuta kibarua. Alijengewa kibanda cha mabati pembeni mwa muhogo wa Josepha. Asubuhi ya kwanza alikuja mpaka uani, akasimama mbali kidogo.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," Josepha aliitikia, kwa kuwa salamu ni salamu.

"Mimi nimewekwa tu, mayu. Sina ugomvi na mtu."

Josepha alimjibu kwamba anajua. Baridi ya mwezi wa sita ilipokuja alimpelekea uji, kwa sababu kibanda cha mabati hakikai mtu bila kitu tumboni. Ngollo alimsimulia habari za mkewe Zuena na watoto wao, na namna ng'ombe anavyolala chini siku ambayo hataamka tena. Festo hakumpenda. Alipita mbele ya kibanda kile akitazama pembeni, na uji ule ulimuudhi.

"Unamlisha anayetufukuza," alimwambia mama yake.

"Anayetufukuza hali uji wangu, Festo. Yuko mjini."

Siku trekta ilipoingia, Josepha alikuwa kisimani. Aliisikia ngurumo, akaacha ndoo. Alipofika, nusu ya muhogo ilikuwa imefumuliwa, mizizi yake myeupe imelala juu ya udongo kama mifupa, na dereva alikuwa anaigeuza trekta kuelekea kwenye mwembe, mahali alipolala mama yake. Festo alikuwa mbele. Alikuwa ameng'oa nguzo moja ya uzio, ameishika kwa mikono miwili, anamfuata dereva. Ngollo alitoka kibandani mbio, akijifunga shuka yake.

"Kijana, acha! Kijana, watanifukuza kazi!"

Alimshika Festo kwa nyuma. Wakavutana. Josepha alipiga kelele, akaita jina la mwanawe na jina la mlinzi, yote mawili kwa pamoja. Festo alijikwanyua, akazungusha ile nguzo bila kutazama. Ngollo alianguka chali, kisogo juu ya jiwe la mpaka. Dereva alizima trekta. Kengele ya seminari ikasikika ikigonga.

Festo aliitupa nguzo. Alipiga magoti, akakiinua kichwa cha Ngollo, akakiweka pajani, akawa anasema, "Baba, amka. Baba, nisamehe, amka." Hakuwahi kumwita mtu yeyote baba. Walimkuta hivyo hivyo polisi walipokuja.

Ngollo alifia hospitali. Festo akashtakiwa kwa mauaji.

Kesi ya namna hiyo haiendi upesi. Josepha alimpelekea mwanawe chakula mahabusu, na katika mwendo huo wa kwenda na kurudi nyumba yake ikabomolewa. Alihamia Gongoni kwa binamu yake, kwenye chumba cha uani. Wala hakwenda tena kuulizia maombi yake. Alikuwa na kesi moja tu kichwani.

Siku moja simu yake iliita. Sauti ilikuwa ya mwanamke kijana.

"Shikamoo mama. Naitwa Siwema, ni wakili. Mahakama Kuu imenipangia kumtetea mwanao."

Josepha alikaa chini. "Mwanangu, mimi sina kitu cha kukulipa."

"Hulipi, mama. Kesi kama hii serikali inagharamia. Ni haki yake."

Siwema hakuwa kama Josepha alivyofikiri wakili wa bure angekuwa. Alikwenda gerezani kumwona Festo zaidi ya mara moja. Alikwenda Kipalapala kwa miguu, akaliangalia jiwe, akapima kwa hatua mahali trekta ilipokuwa, akawatafuta majirani waliosikia maneno ya Ngollo. Mahakamani alisimama kila palipohitajika kusimama. Shahidi aliposema jambo alilolisikia kwa mwingine, Siwema alinyanyuka na kulipinga, na jaji akalifuta. Josepha alikaa benchi la nyuma akimtazama yule binti mwembamba aliyevaa joho lililompwaya, na kila aliponyanyuka Josepha alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Binamu yake alidhani analilia Festo. Alikuwa analia, ndiyo, lakini wakati ule hakuwa anamlilia Festo peke yake.

Wakati wa mapumziko alimfuata Siwema ukumbini, akatoa zile karatasi za Baraza alizozifunga kwenye mfuko wa nailoni.

"Mwanangu, na hili je?"

Siwema alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye ule mstari, alirudia kuusoma. "Mama, ulisema huna pingamizi?"

"Nilisema."

"Siku ile ungekuwa na mtu wa kukunong'oneza neno moja tu, usingejibu hivi. Hoja yao ilikuwa na majibu."

"Basi nisemee wewe."

"La Festo nimepangiwa na mahakama, mama, kwa sababu mtu anaweza kunyongwa. Hili ni la madai. Kwenye madai hakuna anayenipangia." Alizikunja karatasi vizuri kuliko alivyozipokea. "Na sasa limekwenda mbali sana. Shamba lina hati ya mtu mwingine. Ningekudanganya nikikwambia nitalirudisha."

Josepha alizirudisha karatasi mfukoni. "Kwa hiyo mtu lazima afe kwanza," alisema. Hakulisema kwa ukali. Alikuwa anataka tu kuhakikisha ameelewa, safari hii.

Waliitwa ndani.

Festo alikutwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Siwema aliomba apunguziwe adhabu, akaeleza habari za muhogo na kaburi na kichwa kilichowekwa pajani. Jaji alisikiliza, akampa miaka minane. Watu walimpongeza Josepha kwa kuwa ingeweza kuwa kamba. Festo alimtazama mama yake kabla ya kushushwa, akatikisa kichwa kidogo, kama alivyofanya utotoni akiambiwa akalale.

Mke wa Ngollo, Zuena, alikuwa amekuja kutoka Igunga kusikiliza hukumu. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko Josepha alivyofikiri, mtandio wake umefungwa mpaka kidevuni. Walikutana kwenye ngazi. Josepha alipiga goti.

"Inuka, mama," Zuena alisema. "Watu wanatuangalia."

Josepha aliinuka. Zuena akauliza, "Yule binti aliyemsemea mwanao, anapatikanaje? Tajiri anasema mume wangu hakuwa mfanyakazi wake. Anasema hanijui. Nimefungua madai hapa mjini, kila nikija naulizwa maneno nisiyoyajua."

Josepha alimwambia kweli yote: kwamba yule binti alitolewa kwa ajili ya Festo, na kwa madai ya fidia hatatolewa mtu. Zuena alisikiliza, uso haukubadilika.

"Aliyeua kapewa," alisema. "Mimi niliyefiwa nijitafutie."

"Ndivyo."

Josepha alimpeleka kwa Recheli. Recheli aliandika, akaeleza, akachukua namba, na yule wakili wa kujitolea alikuwa bado anasubiriwa. Siku ya shauri Josepha alifuatana na Zuena mpaka ndani, akaketi nyuma yake. Wakili wa mfanyabiashara alikuwa yule yule mnene wa sauti ya upole. Alimleta msimamizi wa ghala la mbao akala kiapo na kusema kwamba Ngollo alijikalia tu pale shambani kwa hisani, kama mgeni. Alipomaliza, hakimu akamwambia Zuena, "Unaweza kumuuliza shahidi maswali."

Zuena alisimama. "Anasema uongo," alisema.

"Hilo si swali, mama. Una swali la kumuuliza?"

Zuena alimgeukia Josepha, macho yamemtoka. Josepha alijikuta amesimama.

"Mheshimiwa, amuulize kibanda kilijengwa na nani. Amuulize mabati yalitoka wapi."

"Wewe nani?" hakimu aliuliza. "Wakili wake?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Ndugu yake?"

Chumba kizima kilimgeukia. Josepha alimtazama Zuena. Wakili mnene alikuwa anamtazama, na ilionekana amemkumbuka.

"Kama si wakili huruhusiwi kusema humu. Tafadhali subiri nje."

Alisubiri kwenye benchi la ukumbini, mgongo ukutani. Sauti zilipenya mlangoni, ile ya upole ikienda mbele na mbele, ya Zuena ikidakia mara moja moja, fupi. Hakuweza kutambua maneno. Zuena alipotoka alikuwa ameshika karatasi yenye tarehe.

"Wameniambia nirudi."

"Kufanya nini siku hiyo?"

"Sijui. Sikuuliza."

Waliongozana mpaka stendi. Basi la Igunga lilikuwa linapakia. Zuena aliweka mguu mmoja kwenye ngazi, kisha akageuka.

"Mama, mimi sijamsamehe mwanao. Nisikudanganye."

"Najua."

"Wala wewe sijakusamehe. Ila hapa Tabora sina mtu mwingine. Siku hiyo utakuja?"

"Nitakuja," Josepha alisema. "Hata wakinitoa."

Zuena aliingia, akapata kiti upande wa pili wa basi, asikoweza kuonekana. Kondakta alipiga bati, basi likaondoka. Josepha alisimama kidogo kwenye vumbi, kisha akauliza ni saa ngapi, maana siku ile ilikuwa ya kutembelea wafungwa na wanawahi kufunga geti.